Kwa nini jalidi huunguza viazi na nyanya huku kabeji ikisalimika

WAKULIMA wa Kinangop, Ol Kalou na sehemu nyingine za juu katika Kaunti ya Nyandarua wanaifahamu vyema asubuhi ya Januari inayoanza kwa utulivu wa kutia shaka. Usiku kucha anga limekuwa bila wingu, upepo umetulia, na alfajiri nyasi zimefunikwa na kitu cheupe mfano wa chumvi iliyosagwa. Hiyo ndiyo jalidi. Kufikia saa nne asubuhi imeyeyuka yote. Kufikia adhuhuri, majani ya viazi yaliyokuwa yamenawiri jana yake yamelegea na kusawijika kama yaliyomwagiwa maji ya moto.

Hatua chache kutoka hapo, kabeji, karoti na sukumawiki zinaendelea kusimama kana kwamba usiku huo haukuwa na jambo.

Mara nyingi tofauti hii huelezwa kwa maneno mepesi: kabeji ni ngumu, viazi na nyanya ni laini. Maelezo hayo si uongo, lakini hayamsaidii mkulima kwa lolote. Utafiti uliofanywa kwa zaidi ya miaka 40 umeonyesha kwamba uvumilivu wa baridi hautokani na ugumu wa jani, bali na mawasiliano yanayofanyika ndani ya mmea. Kuna viungo vinavyohisi baridi, kuna wajumbe wanaoipeleka habari hiyo, na kuna seli zinazopaswa kuitikia. Wajumbe wenyewe ni molekuli ndogo sana pamoja na homoni. Na kwa kuwa baadhi ya homoni hizo siku hizi huuzwa katika chupa, mkulima ana kila sababu ya kuelewa kazi zinazoweza kufanya na zile zisizoweza.

Kwanza ni muhimu kutenganisha baridi za aina mbili. Ipo baridi isiyogandisha maji, ya kuanzia nyuzi sifuri hadi takriban 12 za Selsiasi. Hii haiidhuru kabeji, lakini huidhoofisha mimea yenye asili ya nchi za joto kama vile nyanya, pilipili mboga, biringanya, matango na mishiri. Majani hunyauka, maua hupukutika, na matunda huchelewa kuiva. Nchini Kenya baridi hii hushuhudiwa zaidi kati ya Juni na Agosti, mawingu yanapotanda siku nzima katika maeneo kama Limuru.

Baridi ya pili ni jalidi, inayokuja joto la jani likishuka chini ya sifuri. Ajabu ni kwamba jalidi ya Kenya haiji katika miezi hiyo ya mawingu. Huja katika kiangazi cha Desemba hadi Machi, kwa sababu mawingu hufanya kazi ya blanketi. Yasipokuwepo, ardhi hupoteza joto lake jingi angani kabla ya mapambazuko. Ndivyo ilivyokuwa Januari 2012, jalidi ilipounguza majani chai katika mashamba ya Kericho na kwingineko.

Mafuta yanayoganda

Kila seli ya mmea imezungukwa na utando mwembamba uliojengwa kwa mafuta. Anayetaka kuelewa kinachotokea kwenye utando huo wakati wa baridi na ayatazame mafuta ya kupikia ya kopo. Mombasa huwa laini na pengine hata kuyeyuka. Limuru mwezi Julai hulazimu kijiko kigumu kuyachimba. Utando wa seli nao hukakamaa hivyo baridi inapoingia. Vitu vilivyopaswa kupita haviwezi kupita, na mahali pengine utando hupasuka na kuvuja.

Mimea iliyozoea baridi hubadilisha aina ya mafuta katika utando wake, ikiongeza yale yasiyoganda upesi. Hata hivyo, mabadiliko hayo huchukua siku kadhaa. Ili yaanze, ni lazima mtu apige mbiu.

Mpiga mbiu wa kwanza ni kalsiamu. Katika hali ya kawaida, kalsiamu iliyo ndani ya umajimaji wa seli ni kidogo mno, mara elfu nyingi pungufu ya ile iliyo nje. Seli huilinda tofauti hiyo kwa bidii. Baridi inapokakamaza utando, milango midogo hufunguka na kalsiamu humiminika ndani. Jambo hili hukamilika katika sekunde chache, kabla mtu aliyesimama shambani hajamaliza kufunga vifungo vya koti lake.

Namna jambo hilo lilivyothibitishwa inastahili kusimuliwa. Mwaka 1991, watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Marc Knight na Anthony Trewavas wakiwa miongoni mwao, walichukua jeni ya yavuyavu, yule kiumbe wa baharini mwenye mwili wa utelezi anayewawasha waogeleaji, na kuiingiza katika miche ya tumbaku. Jeni hiyo hutengeneza protini inayotoa mwanga inapokutana na kalsiamu. Miche ilipomwagiwa maji baridi, iling'aa papo hapo. Kwa mara ya kwanza ikawezekana kuupima mshtuko wa mmea kwa kuupima mwanga wake.

Kutoka kalsiamu, habari hupokezwa protini nyingine ndani ya seli hadi ifike kwenye kiini, mahali zinapohifadhiwa jeni. Huko ndiko kuna kundi la jeni ambalo wanasayansi huliita CBF. Kazi yake inafanana na ya nyapara: lenyewe halibebi mzigo, bali huziamsha jeni nyingine nyingi zikafanye kazi. Michael Thomashow na wenzake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, walilielezea kundi hilo mwishoni mwa miaka ya 1990 wakitumia gugu dogo la jamii moja na kabeji na sukumawiki. Waligundua kwamba mmea ukihamishwa kutoka mahali pa joto hadi penye baridi, CBF huamka ndani ya dakika 15. Saa chache baadaye jeni zilizo chini yake nazo huwa kazini, zikitengeneza sukari, protini za kukinga utando, na vitu vingine vinavyozuia seli kukauka.

Neno kukauka hapa si la bahati mbaya. Jalidi haiui seli kwa kuigandisha kutoka ndani, kama wengi wanavyodhani. Barafu huanza katika nafasi zilizo kati ya seli, kisha huyavuta maji yaliyo ndani. Seli hubaki imesinyaa kama kiroba kilichomwagwa mahindi. Ndiyo sababu mmea unaojua kujikinga dhidi ya ukame huwa pia na nafuu wakati wa jalidi. Na ndiyo sababu kabeji na karoti zilizopitia wiki za baridi huwa tamu kuliko zilizokuzwa katika joto: utamu huo ni sukari iliyowekwa na mmea kama kinga, kabla mpishi hajaifikiria.

Homoni zinavyoingia

Kalsiamu husema na seli moja. Mmea mzima unahitaji mjumbe wa kutembea kutoka mzizi hadi jani, na kutoka jani moja hadi jingine. Hapa ndipo homoni zinapochukua nafasi.

Iliyo mashuhuri zaidi katika suala la baridi ni asidi absisiki, iliyogunduliwa katika miaka ya 1960 na watafiti waliokuwa wakichunguza kwa nini matunda ya pamba hudondoka na kwa nini vichipukizi vya miti hulala usingizi. Kazi yake kubwa ni kufunga vitundu vidogo vya majani ambavyo hupitisha mvuke wa maji. Udongo ukipoa, mizizi huvuta maji kwa shida. Vitundu vikibaki wazi, jani hupoteza maji lisiyoweza kuyarudisha. Mkulima wa nyanya huiona hali hii katika asubuhi baridi yenye jua: mimea imenyauka ilhali udongo ni mbichi kabisa. Wengine hukimbilia kumwagilia zaidi, na kuuzidisha ubaridi wa udongo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, wakiongozwa na Arnold Bloom, waliueleza mkasa huo mwaka 2004. Waliilinganisha nyanya ya kawaida na binamu yake wa mwituni anayeota katika milima ya Amerika Kusini. Mizizi ya mimea yote miwili ilipozwa hadi nyuzi chache tu. Nyanya ya mwituni ilifunga vitundu vyake na kubaki imara. Nyanya ya shambani iliviacha wazi, ikanyauka. Mizizi yote ilikuwa katika baridi ile ile; kilichotofautiana ni mwitikio wa majani.

Mfano wa viazi nao unafundisha mengi. Kiazi cha kawaida, ambacho Shangi ya Nyandarua ni mojawapo ya aina zake, huungua joto linaposhuka nyuzi mbili au tatu hivi chini ya sifuri, na hata kikipewa wiki kadhaa za kuzoea baridi hakiboreki kwa kiwango cha maana. Lakini kuna kiazi cha mwituni kutoka Uruguay na Argentina, kwa jina la kisayansi Solanum commersonii, ambacho kikizoeshwa baridi polepole huweza kuhimili takriban nyuzi 10 chini ya sifuri. Mwaka 1983, watafiti nchini Marekani walipima asidi absisiki katika viazi hivyo viwili wakati wa kuzoeshwa. Katika kile cha mwituni homoni hiyo ilipanda. Katika cha kawaida haikupanda. Kiazi cha kawaida kilipopewa homoni kutoka nje, uvumilivu wake uliongezeka kidogo, lakini hakikumfikia binamu yake.

Homoni ya pili ni asidi salisiliki, ndugu wa karibu wa aspirini, ambayo jina lake limetokana na jina la Kilatini la mti ambao maganda yake yalitumika tangu kale kutuliza maumivu. Ndani ya mmea huongoza ulinzi dhidi ya magonjwa, lakini pia huamsha vimeng'enya vinavyosafisha sumu zinazozaliwa na baridi.

Sumu hizo huhitaji maelezo. Mwanga wa jua hauangalii kipimajoto. Asubuhi ya baridi jani hupokea nishati ile ile ya jua, ilhali mitambo yake ya kutengeneza chakula imepunguza kasi. Nishati iliyokosa kazi hugeuza oksijeni kuwa vitu vyenye ukali, mojawapo ikiwa haidrojeni peroksidi, dawa ile ile inayouzwa katika maduka ya dawa kwa ajili ya kusafishia vidonda. Ikizidi, huchoma utando wa seli. Ikiwa kidogo, hugeuka mjumbe: huwaambia walinzi wajiandae. Miche ya mahindi iliyopewa kiasi kidogo cha haidrojeni peroksidi kabla ya baridi ilistahimili vizuri zaidi kuliko ile isiyopewa, kama walivyoonyesha watafiti wa Marekani mwaka 1994. Kitu kimoja, kwa vipimo viwili, huwa adui au mlinzi. Hali hii hujirudia katika karibu kila molekuli inayotajwa hapa, na ndiyo inayoyafanya matumizi ya shambani kuwa magumu.

Mwaka 2000, watafiti nchini Australia waliloweka mbegu za maharagwe na nyanya katika maji yenye asidi salisiliki au aspirini kwa kipimo hafifu. Kwa upande wa aspirini, kipimo hicho ni sawa na miligramu 18 hadi 90 kwa kila lita ya maji, yaani chini ya theluthi ya kidonge cha miligramu 300. Mimea iliyoota kutokana na mbegu hizo ilistahimili joto kali, baridi na ukame kuliko ile ya mbegu zilizolowekwa katika maji matupu. Miche iliyomwagiwa dawa hiyo kwenye udongo ilifaidika vivyo hivyo. Haya yalikuwa majaribio ya miche michanga katika mazingira yaliyodhibitiwa, wala si ruhusa ya kumwaga pakiti nzima ya vidonge katika bomba la kunyunyizia. Kipimo kikizidi, asidi hiyo hiyo hudumaza mmea na kuunguza majani.

Zipo pia jasmoneti, ambazo huitikia majeraha na wadudu, lakini husaidia vilevile katika baridi. Wanasayansi wa Wizara ya Kilimo ya Marekani katika kituo cha Beltsville, Maryland, walionyesha mwaka 2001 kwamba nyanya zilizochumwa na kufukizwa kwa mvuke wa aina moja ya jasmoneti, au wa aina moja ya asidi salisiliki, ziliharibika kidogo zaidi katika hifadhi ya baridi. Tunda lililokwisha kuchumwa bado hupokea ujumbe.

Kisha kuna brasinosteroidi. Ya kwanza ilitambuliwa mwaka 1979 katika chavua iliyokusanywa na nyuki: kilo zaidi ya 200 za chavua zilitoa miligramu chache tu za homoni. Tangu hapo kemia imewezesha kuitengeneza kwa wingi, na nchini China hutumika katika kilimo cha mboga. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Zhejiang, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba matango yaliyonyunyiziwa homoni hiyo yalistahimili baridi na mwanga mkali kwa sababu iliyachochea yatoe haidrojeni peroksidi kwa kiasi kidogo, na hiyo ikaamsha ulinzi. Watafiti walipoizuia peroksidi isitolewe, faida ya homoni ilitoweka. Mjumbe mmoja alikuwa akimtuma mwingine.

Gharama ya kujikinga

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa jeni za CBF ndizo nyapara, kwa nini zisiachwe zikafanya kazi mwaka mzima? Jaribio hilo limefanywa. Mwaka 2002, watafiti wa Taiwan waliiingiza CBF ya lile gugu katika nyanya, ikafanya kazi bila kukoma. Nyanya hizo zilistahimili baridi kuliko za kawaida, lakini zilidumaa na kuzaa matunda machache. Zilipopewa jiberelini, homoni ya kurefusha shina, zilirejelea kimo chao.

Hapo ndipo ilipobainika jinsi mmea unavyogawa mali yake. Ulinzi na ukuaji hula chungu kimoja. Baridi ikija, mmea hupunguza jiberelini ili usimame kukua na kuelekeza sukari kwenye kinga. Kwa kabeji ya Ulaya inayosubiri majira ya baridi ya miezi mitatu, uamuzi huo ni wa busara. Kwa mkulima wa nyanya anayetarajia kuuza kreti zake sokoni Wakulima, Nairobi, baada ya siku 90, mmea unaojilinda usiku na mchana ni hasara sawa na ulioungua.

Tukio jingine lilifumbua fumbo la nyanya yenyewe. Mtu angeweza kudhani kwamba nyanya haina CBF, kwamba haisikii baridi. Mwaka 2004 kundi la Thomashow lilithibitisha kwamba nyanya inazo jeni hizo, na kwamba mojawapo huamka upesi baridi inapoingia, kama zile za jamii ya kabeji. Kasoro iko mbele zaidi. Katika jamii ya kabeji, CBF huamsha kundi kubwa la jeni. Katika nyanya, jeni zilizoitikia zilikuwa chache sana. Hata watafiti walipoiongezea nyanya CBF, haikupata uwezo wa kustahimili barafu.

Kwa maneno mengine, nyanya husikia mbiu ya mgambo barabara. Ikitoka nje, haina mkuki.

Hoja hiyo ina uzito wa kibiashara. Homoni inayonyunyiziwa ni mbiu iliyoongezwa sauti. Inaweza kuipa nyanya nyuzi kadhaa za nafuu katika baridi isiyogandisha, kwa sababu hapo inacho cha kufanya: kufunga vitundu vya majani, kuongeza vimeng'enya vya kusafisha sumu, kupunguza mwendo wa ukuaji. Haiwezi kuipa kinga dhidi ya jalidi ambayo jeni zake hazikuwahi kuijua. Muuzaji anayeahidi kwamba chupa yake italinda nyanya au viazi dhidi ya barafu anaahidi jambo ambalo maabara zenye fedha na wataalamu hazijalifikia.

Jalidi isiyo na utangulizi

Tatizo jingine ni la mahali. Tafiti nyingi zilizotajwa zimefanywa na watu wa nchi ambako baridi huja na utangulizi. Septemba hupoa, Oktoba hupoa zaidi, siku hufupika, na kufikia Desemba mimea imekuwa ikizoeshwa kwa wiki kadhaa. Kuzoea kikamilifu huhitaji wiki moja au mbili za baridi ya wastani, joto la takriban nyuzi nne likiwa ndilo linalotumiwa sana katika majaribio.

Kinangop, iliyo takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari na karibu kabisa na ikweta, haina vuli ya aina hiyo. Urefu wa siku haubadiliki. Mchana jua huwaka, mtu akatembea bila sweta. Usiku joto huporomoka hadi sifuri au chini yake. Mmea unaoanza kujiandaa usiku hukutana na joto la mchana linaloiambia mitambo yake kwamba hatari imepita. Hata kiazi chenye uwezo wa kuzoea kingehitaji kupewa nafasi.

Wanaoishi katika hali kama hiyo kwa maelfu ya miaka ni wakulima wa milima ya Andes, nchini Peru na Bolivia. Baadhi yao hupanda viazi vichungu vinavyostahimili jalidi, ambavyo havifai kuliwa hadi vigandishwe usiku na kukaushwa juani. Karibu na Ziwa Titicaca, mababu zao walichimba mitaro ya maji kuzunguka matuta ya mashamba. Maji hufyonza joto la mchana na kulitoa usiku, na kuinua joto la hewa iliyo juu ya mazao. Mfumo huo huitwa waru waru, jina ambalo litawachekesha wakazi wa Mlima Kenya wanaoviita viazi waru, ingawa maneno hayo mawili hayana undugu.

Kanuni ya mitaro hiyo inaweza kutumika pasipo mitaro. Udongo uliomwagiliwa mchana, kabla ya usiku wa jalidi, hubeba joto zaidi kuliko udongo mkavu. Ardhi tupu, isiyo na magugu wala matandazo mazito, hupokea jua vizuri na kulirudisha usiku. Mahali pa bondeni ambako hewa baridi hutuama pafaa kuachiwa kabeji na minji michanga. Viazi na maharagwe vikapelekwa mteremkoni. Kuwasha moto wa moshi, desturi inayopendwa, hakusaidii sana, kwa kuwa moshi hauzuii joto la ardhi kutoroka kama wingu la mvuke linavyozuia.

Kwa upande wa wajumbe na homoni, njia iliyo rahisi kuliko zote ni ile ambayo wazee wa bustani waliitumia kabla neno homoni halijasikika: kuikomaza miche. Siku 7 hadi 14 kabla ya kuipandikiza, miche ya nyanya, pilipili au kabeji hupunguziwa maji bila kuachwa inyauke, na kutolewa nje ya kivungulio kwa saa kadhaa, muda ukiongezwa kila siku. Kiu hiyo ndogo hupandisha asidi absisiki. Upepo na ubaridi huchochea kalsiamu. Jua la moja kwa moja huzalisha peroksidi kidogo. Shina hufupika na kunenepa kwa kuwa jiberelini imepungua. Kazi yote inayotangazwa kwenye chupa hufanywa na mmea wenyewe, kwa vipimo unavyovijua.

Mbolea nayo ina mchango wake. Naitrojeni nyingi inayowekwa muda mfupi kabla ya majira ya jalidi hutoa majani mapana, laini, yenye maji mengi, ambayo ndiyo huungua kwanza. Potasiamu ya kutosha husaidia vitundu vya majani kufunguka na kufunga inavyopasa, na huongeza chumvi ndani ya seli, jambo linaloyafanya maji yake yachelewe kuganda.

Njia ya tatu ni kuunganisha. Katika China na Japani, matango ya kivungulio hupandikizwa juu ya shina la boga linalovumilia udongo baridi. Mizizi ya boga huendelea kunyonya maji mahali ambapo mizizi ya tango ingezimia, na ujumbe inaoutuma juu huwa tofauti. Kwa nyanya, mizizi ya yule binamu wa mwituni inachunguzwa kwa matumaini kama hayo.

Mkulima atakayeamua kujaribu kinyunyizio cha homoni hana budi kuzingatia saa. Ujumbe hutumwa kabla ya tukio. Kinachofaa hunyunyiziwa siku moja au zaidi kabla ya baridi, wakati vitundu na seli bado ni hai, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye bidhaa iliyosajiliwa, na kwanza katika mistari michache ili mingine ibaki ya kulinganishia. Bila mistari hiyo ya kulinganisha, msimu usio na jalidi utaisifu dawa ambayo haikufanya lolote.

Asubuhi baada ya jalidi, seli zilizopasuka hazina tena mpokeaji wa ujumbe wowote, na fedha zinazotumiwa kuzinyunyizia homoni hupotea. La maana ni kuacha shamba la viazi kwa siku kadhaa pasipo kukata majani wala kung'oa, hadi ijulikane ni vichipukizi vipi vya chini ya udongo vimesalia. Kiazi kichanga kilicho na mbegu yenye nguvu mara nyingi huchipuza upya, mavuno yakichelewa na kupungua. Kilichoungua kikiwa karibu kukomaa huweza kuvunwa mapema, viazi vikiwa vidogo. Na vikishavunwa, visihifadhiwe mahali penye baridi kali kwa kudhani vitakaa zaidi. Chini ya nyuzi sita au saba hivi kiazi hugeuza wanga wake kuwa sukari, kwa kuitikia baridi, na mwenye kibanda cha chipsi ndiye atakayelalamika wa kwanza, atakapoviona vikitoka kwenye mafuta vikiwa vimekuwa vyeusi kabla ya kuiva.